Kikao cha Rama

Shangazi Zuhura [18:02]: Wanaukoo, hamjambo. Jumamosi saa kumi kikao kwangu, ni habari ya Rama. Kila mtu aandike anakuja au haji.

Shangazi Zuhura [18:41]: Naona alama za bluu tu. Watu 14 mmesoma.

Ba'mkubwa Idi [18:50]: Kafanya nini tena?

Mama Rama [18:53]: Nimekuta kidude kwenye soksi yake nikadhani flashi. Kumbe sigara ya kielektroniki. Kinanukia peremende. Nimekaa nacho mkononi mpaka kimepata joto, sijui nianzie wapi.

Ba'mkubwa Idi [18:55]: Fimbo. Miaka 15 bado mbichi huyo. Niachieni nusu saa tu.

Neema [19:10]: Shikamoo Ba'mkubwa. Fimbo haitoi nikotini mwilini. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na sehemu ya kujizuia ndiyo ya mwisho. Ndiyo maana watoto hunaswa upesi. Akiacha, siku 2 au 3 za mwanzo ndizo ngumu: hasira, usingizi hauji, somo haliingii. Msimwone jeuri.

Kasimu [19:12]: Usingizi hauji? Basi ampokee Ba'mkubwa zamu ya kututumia "asubuhi njema" saa tisa usiku 😂

Dulla [19:12]: 😂😂😂

Ba'mkubwa Idi [19:14]: Zile ni dua, mjinga wewe.

Shangazi Zuhura [19:15]: Jamani! Jumamosi! Nina majina mawili tu.

Neema [19:20]: Na aulizwe taratibu kakipata wapi. Humo huwekwa hata mafuta ya bangi, kwa macho hujui. Akizimia asiachwe peke yake. Mlazeni ubavu, pigeni simu ya dharura, semeni alichovuta. Msifiche kwa aibu.

Mama Rama [19:26]: Nilimwuliza. Akasema "wote wanavuta", kisha akalia.

Shangazi Mwana [20:48]: Marehemu Saidi naye mlimwitia kikao. Tulikaa duara, yeye katikati. Baada ya pale nani alimfuata?

Ba'mkubwa Idi [20:51]: Hayo yalishazikwa.

Shangazi Mwana [20:51]: Yalizikwa naye.

Neema [21:36]: Niko kwa Bibi, ananiambia niandike hivi: "Saidi nilimfungia mlango mimi, kwa mkono wangu. Nikasema akipata akili atarudi. Rama asiwekwe katikati ya watu. Aletwe alale kwangu, nitamwuliza mwenyewe."

Ba'mkubwa Idi [21:58]: Sawa mama.

Shangazi Zuhura [22:03]: Sawa mama. Basi Jumamosi tukae wakubwa watupu? Na nani atampeleka Rama?

Kasimu [22:15]: Naweza Ijumaa, nikitoka kazini mapema. Sijaahidi.

Mama Rama [22:17]: Baba yake bado hajui.

Shangazi Zuhura [22:18]: Nani atamwambia?

Shangazi Zuhura [22:40]: Idi?

Hamisi [06:12]: Ndiyo naona sasa. Kikao saa ngapi?