Waya uko ukutani tayari, mbona nilipishwe kuunganishwa upya?

Wadau, nimekaa na hasira hii tangu Jumanne na leo naitoa. Kama unafanya kazi kwenye kampuni yoyote inayounganisha simu za nyumbani hapa Nairobi, naomba usome mpaka mwisho halafu umpelekee mkubwa wako. Jina la kampuni silitaji. Tulioumia tunaijua, na nijuavyo mimi si hiyo peke yake.

Mwezi jana mama yangu alikuja kukaa nami mtaa wa Umoja. Ana miaka 74, macho yamefifia, vidole vinatetemeka. Simu ya mkononi imemshinda kabisa. Anagusa pasipo, inaisha chaji bila yeye kujua, au anaisahau chini ya mto na kuitafuta asubuhi nzima. Nyumba yetu iko chini, magorofa yameizunguka pande tatu, na mtandao humo ndani unakuja na kuondoka. Ukitaka kuongea bila kukatika lazima utoke hadi getini. Mimi nafanya zamu ya usiku Industrial Area. Nikiwa kazini saa nane za usiku, mama akibanwa na kifua, atoke getini na giza lile apige simu?

Ndipo nikaamua kutafuta simu ya mezani, yenye vitufe vikubwa, inayokaa mahali pamoja. Mama anyooshe tu mkono aipate.

Sasa sikilizeni. Sebuleni kwangu kuna waya mweusi mwembamba wa faiba, ule unaopitisha simu na intaneti kwa mwanga. Umeingia kwa tundu lililotobolewa pembeni ya dirisha, ukashuka nyuma ya pazia ukiwa umeshikwa kwa vishikizo vyeupe vya msumari, na unaishia karibu na soketi ya stima. Una kichwa cha kijani kilichofunikwa kikofia cha plastiki. Mpangaji aliyehama aliuacha hapo, na kibandiko cha kampuni bado kimeng'ang'ania ukutani. Nikashukuru Mungu, nikajua kazi imepungua. Nikaipigia kampuni hiyo hiyo.

Bango lao pale barabarani limeandika bei ya mwezi kwa tarakimu kubwa, basi. Dada aliyepokea simu ndiye aliyenitajia mengine: ada ya kuunganishwa Sh5,000, amana ya kisanduku (kifaa cha kuunganisha simu na waya wa faiba) Sh2,000, na mwezi wa kwanza ulipwe kabla ya huduma. Nikamwambia, "Dada, waya uko tayari, ni wenu, nauona hapa." Akanijibu kwa upole sana, "Samahani mteja wetu, akaunti ni mpya, kwa hivyo ni muunganisho mpya." Nikauliza kama kuna mkubwa ninayeweza kuongea naye. Nikaambiwa nitapigiwa. Mpaka leo sijapigiwa.

Jumanne fundi akaja kukagua. Kijana mpole, sina neno naye. Akatoa kikofia, akapangusa kile kichwa cha kijani kwa kitambaa kidogo, akakichomeka kwenye kimashine cha kupimia mwanga. Kikasoma hasi 19. Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Bosi, waya ni mzima. Ikishuka hadi hasi 27 hivi ndipo kisanduku huanza kukosa mwanga. Hapa kwako kunafika vizuri." Ngazi yake haikushuka kwenye gari. Hakutoboa ukuta wala hakuvuta hata mita moja ya waya. Alichobakiza ni kuchomeka kisanduku na kupiga simu ofisini waniwashe. Mama alikuwa ameshasogeza kiti karibu na meza. Kijana akamtazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bosi, siwezi kuwasha kabla hiyo elfu tano haijaonekana kwa mfumo." Akarudisha kikofia, akamwambia mama, "Shosho, nitarudi," akaenda zake.

Elfu tano ya kazi gani? Naomba mtu wa kampuni anijibu hilo tu. Mpangaji aliyetangulia alilipia kuvutiwa waya huo huo, kutoka kwenye nguzo ile ile, hadi kwenye ukuta huu huu. Mimi nikihama mwakani, atakayeingia atalipia tena. Waya mmoja, nyumba moja, na kila jina jipya kwenye akaunti linatozwa kama ambaye kwake hakujawahi kufika kitu. Nairobi ni mji wa wapangaji. Watu wanahama kwa sababu kodi imepanda, maji hayaji, au kazi imehamia upande mwingine. Ada hii inatufuata mlango kwa mlango.

Wengine watasema kampuni ina gharama. Najua inazo. Inalipia nguzo, inalipa kaunti kupitisha nyaya, inalipa mafundi. Lakini tuangalie jinsi faiba ya majumbani inavyofanya kazi. Uzi mmoja unatoka kwenye mtambo wao, unafika kwenye kigawanyio huku mtaani, na hapo mwanga unagawiwa nyumba 8, 16, 32, hata 64. Gharama kubwa imeshalala ardhini na juu ya nguzo, nasi tunairudisha kidogo kidogo kila mwezi tunapolipa bili. Kwa nini mimi nibebeshwe nyingine mlangoni?

Angalieni simu za mkononi. Laini unainunua kibandani kwa bei ya sahani ya chipsi, unawekewa, unapiga siku hiyo hiyo. Kuna mtu yeyote hapa aliyewahi kuambiwa achangie mnara kabla ya kupiga simu ya kwanza? Minara ni ya pesa nyingi mno, lakini waliamua kuirudisha gharama kwenye matumizi, ndiyo maana hata mama mboga alishika simu. Simu ya nyumbani imebaki na mlango wa wenye nacho.

Wenye umri wangu mnakumbuka zamani za Posta na Simu, shirika la serikali. Uliomba laini ukangoja miaka. Pale mtaa wa Jerusalem hapa Nairobi tulipokulia, nyumba yenye simu ilijulikana na mtaa mzima, na mwenye nayo alifunga kikufuli kwenye kile kidude cha kuzungushia namba. Sisi wengine tulipanga foleni kwenye vibanda vya simu mjini na sarafu mkononi. Mwaka 1999 shirika likagawanywa, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Kisha nyaya za shaba zikakatwa na wezi wa vyuma chakavu mtaa baada ya mtaa, na watu wakazisahau namba zao za simu ya mezani za 020. Mwaka 2009 nyaya za faiba za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa na tukaambiwa mambo ya bei ghali yamekwisha. Foleni ya miaka imeondoka kweli, hilo sikatai. Lakini mtu wa Umoja bado anazuiliwa nje, safari hii na ada.

Na kuna jambo hawakwambii mpaka likukute. Simu ya zamani ilibeba umeme wake ndani ya waya wa shaba, volti 48 kutoka kituo cha simu, kwa hivyo stima ikipotea bado ulipiga. Hii ya faiba inategemea kisanduku, na kisanduku kinataka stima ya nyumbani kwako. Umoja stima inapotea mnajua wenyewe mara ngapi. Kwa hivyo mgonjwa au mzee anayetegemea simu hiyo lazima anunuliwe betri ya akiba pia, na hiyo ni pesa nyingine juu ya elfu tano, juu ya amana. Yule dada hakulitaja. Nililijua kwa sababu nilimuuliza fundi.

Serikali nayo haina mikono safi. Ushuru wa bidhaa kwa huduma za simu na data ulifika asilimia 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Juu ya hapo kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, na inahesabiwa baada ya ushuru kuongezwa. Huduma ya Sh100 inanifikia ikiwa Sh133.40. Halafu kampuni za simu zinachangia asilimia 0.5 ya mapato yao kwenye mfuko wa huduma kwa wote ili waliokosa mawasiliano wayapate. Mzee wa miaka 74 anayetoka getini kutafuta mtandao katikati ya Nairobi, yeye si mmoja wa waliokosa?

Msimamizi wa ploti naye alitaka "kitu kidogo" ndiyo amruhusu fundi aingie. Hilo nilimalizana naye palepale, hakupata.

Ninachotaka si bure. Pale ambapo waya upo na umepimwa ni mzima, ada ya kuunganishwa iondolewe, mteja alipie kisanduku tu. Pale ambapo waya haupo, ada igawanywe kwa bili za mwaka mzima, maana wengi wetu hatukosi mia nne na kitu kwa mwezi, tunachokosa ni elfu tano kwa siku moja. Na bango lile liandike kila kitu, ada, amana na betri, kwa tarakimu kubwa kama za bei ya mwezi. Katiba kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji kuhusu anachonunua. Mimi taarifa hizo nimezipata kwa vipande, kwa kuuliza.

Malalamiko nimeyaandika kwa kampuni na nimepewa namba ya kumbukumbu. Wasiponijibu napeleka karatasi zangu Waiyaki Way kwa Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na picha ya ule waya na ya kimashine kikisoma hasi 19. Bahati nzuri picha nilizipiga kabla fundi hajachomoa.

Peke yangu nitaonekana msumbufu. Kama umewahi kulipishwa kuunganishwa kwenye nyumba ambayo waya tayari ulikuwepo, andika hapa chini mtaa wako, mwaka, na kiasi ulicholipa. Usiandike jina wala namba ya nyumba. Majibu yote nitayaambatisha kwenye malalamiko.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Mnaoniambia nilipe tu yaishe kwa sababu ni mama, nimewasoma. Pesa hiyo nikikopa naipata, na huenda Ijumaa nikalipa kwa sababu hali yake haingojei ofisi ya mtu. Hata nikilipa, barua inaenda. Kwa sasa nimemwachia jirani wa mlango wa pili ufunguo, na mama anagonga ukuta akihitaji kitu.