Mto Luiche: mbona mdomo wake hauko pale ramani inaposema?

Mwl_Gungu
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naandaa kazi ya nje ya jiografia kwa kidato cha tatu kuhusu mto Luiche, sehemu ya chini kusini mwa Ujiji, Kigoma, unapoingia Ziwa Tanganyika. Mambo matatu yananikwamisha.

Kwanza, nikilinganisha karatasi ya ramani ya 1:50,000 na picha ya setilaiti, ufuo na mdomo wa mto havilali pamoja. Pili, wanafunzi wakifika kwenye mwembe wa Livingstone, pale Ujiji ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mpelelezi huyo, lazima waulize: kama Ujiji ilikuwa bandari ya misafara, mbona maji yako mbali hivi? Tatu, nataka wapime mtiririko wa mto. Mashine hatuna. Tuna kamba, futikamba na simu.

KandoYaTanganyika
Marahaba mwalimu. Anza na swali la pili, la kwanza litakuwa jepesi lenyewe.

Mto unaoingia baharini unashuka hadi usawa usiobadilika sana. Luiche unashuka hadi usawa wa Ziwa Tanganyika, na ziwa hili halitulii. Mito inayoingia ni mingi, njia ya kutokea ni moja tu: Lukuga, ng'ambo ya pili, upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 Lukuga ilikuwa imezibwa na mchanga na matete. Mpelelezi Mwingereza Cameron aliiona hivyo mwaka 1874. Maji yakaendelea kupanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta miti mitatu ya jamii ya michikichi, ambayo mwaka 1871 ilikuwa imesimama sokoni, sasa iko ndani ya ziwa, kama mita 30 kutoka ufuoni. Hapo soko lenyewe lilikuwa limekimbia.

Mwaka 1878 kizibo kikang'oka. Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, alikwenda Lukuga mwaka 1879 akakuta inatoka kwa nguvu. Kufikia mwaka 1894 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10.

Wape wanafunzi hesabu hii ubaoni. Ardhi ikiwa na mteremko wa 1 kwa 100, maji yakishuka mita 10 ufuo unarudi nyuma kilomita 1. Penye mwamba, kama kule Bangwe, hata mita 20 haurudi. Ndiyo maana badiliko lile lile la maji Kigoma mjini halikuonekana sana, ila Ujiji na tambarare ya Luiche likahamisha kila kitu. Sehemu kubwa ya chini kabisa, kwenye majaruba ya mpunga, mwaka 1878 ilikuwa sakafu ya ziwa. Mto nao ulipokosa ziwa pale ulipolizoea, ukachimba njia mpya juu ya tope lake wenyewe.

Angalizo kuhusu mwembe: ule wa asili ulishakufa, iliyopo ni uzao wake. Na ile 10 Novemba 1871 ya kwenye kibao, siku ya kukutana kwao, ni hesabu ya Stanley. Yeye na Livingstone wote walikuwa wamepoteza siku njiani, kwa hiyo usiifanye swali la mtihani.

Fundi_Ramani
La kwanza sasa. Una makosa mawili yaliyopandana, na wengi mtandaoni huyachanganya.

Moja ni la kweli: ufuo umehama. Ziwa lilipanda sana kwa mvua za 1961 hadi 1964, likashuka, likapanda tena miaka ya 2020 na kuendelea mpaka nyumba na miundombinu ya ufuoni vikaingia maji. Kabla ya kulinganisha chochote, soma pembeni mwa karatasi mwaka wa picha za anga zilizotumika. Mwaka wa kuchapwa haukusaidii.

La pili ni la vipimo tu. Karatasi zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu yako inasoma WGS84: ni misingi miwili tofauti ya kuhesabu latitudo na longitudo. Ukihamisha namba bila kubadili mfumo, nukta inasogea karibu mita 300, hasa kaskazini–kusini. Kwenye delta bapa hizo mita 300 zinatosha kumfanya mtu aandike kwamba "mto umehama" wakati haujahama hata hatua. Jaribu hivi: chagua kitu kisichohama, mfano pale reli inapokata barabara. Kama nacho kimesogea kwa umbali ule ule na upande ule ule, tatizo ni mfumo. Kikitulia mahali pake na ufuo ukasogea, hapo ziwa limefanya kazi yake.

Tena: Ujiji iko kanda ya 35 ya UTM, ile gridi ya mita inayoigawa dunia kwa kanda. Mpaka wa kanda ni nyuzi 30 mashariki, na Kasulu iko ng'ambo yake, kanda ya 36. Atakayefuatilia bonde kwenda juu asishangae namba zikiruka ghafla.

Picha za zamani tumia za setilaiti za Landsat, zipo bure, za kuanzia mwaka 1972. Chagua za Julai au Agosti, mawingu ni machache.

Nyuzi5Kusini
Naongezea mtego wa majina. Stanley aliandika "Liuche". Ndio huu, aliuvuka kabla tu ya kuingia Ujiji. Ruchugi ni mto mwingine kabisa, ule wa chumvi wa Uvinza unaoingia Malagarasi. Kuna maandishi mtandaoni yanayompitisha msafiri kwenye chumvi ya "Luiche". Hakuna kitu kama hicho.

PimaMaji
Mtiririko bila mashine, mwalimu:

Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 20, kisicho na mawe wala magugu katikati. Vuta kamba mbili kukatisha mto, moja mwanzo wa kipande, moja mwisho wake. Kwenye kamba pima kina kila mita 1 kwa fito yenye alama. Chini ya fito pigilia kibao bapa, la sivyo inazama kwenye tope na kina kinaongezeka cha uongo.

Cha kuelea tumia chungwa. Linazama karibu lote, upepo haulikamati. Chupa tupu upepo wa ziwani unaisukuma mbele au kuirudisha, inakudanganya. Litupe mita 3 kabla ya kamba ya kwanza, upande maji yanakotoka, ili lishike kasi ya maji kabla ya kuanza kuhesabu. Rudia mara tano katika sehemu tofauti za upana, yaliyonasa ukingoni usiyahesabu.

Mfano wa hesabu: upana mita 8, vina ni 0.3, 0.5, 0.7, 0.8, 0.7, 0.5, 0.3. Jumla 3.8, na kwa kuwa nafasi ni mita 1, eneo ni mita za mraba 3.8. Chungwa limetumia sekunde 25, kasi ni mita 0.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini: 0.68. Mtiririko ni 0.68 × 3.8, yaani karibu mita za ujazo 2.6 kwa sekunde, lita 2,600.

Wanapokosea wengi ni hapa: wanagawanya 3.8 kwa 7 kupata wastani, kisha wanazidisha kwa 8. Inatoka 4.3, imezidi kwa asilimia 14, kwa sababu wamesahau kwamba kwenye kingo mbili kina ni sifuri.

Mwl_Gungu
Nashukuru sana wakuu. Naweza kupimia karibu na mdomo? Pale wanafunzi wanaona mto na ziwa kwa pamoja.

PimaMaji
Waone, ila wasipime. Ziwa likiwa juu linasukuma maji ndani ya mto, mteremko unapotea, chungwa litasimama au hata kurudi nyuma upepo ukivuma. Mkipima pale mtaandika kwamba Luiche ni mto mkavu. Pandeni juu mpaka mkute maji yanakimbia na chini kuna mchanga wa mto, si tope jeusi.

Nendeni Julai hadi Septemba. Machi na Aprili maji yakivuka goti mtoto asiingie. Pimieni darajani kwa kamba yenye jiwe. Chini kwenye matete waulizeni kwanza wakulima kuhusu mamba na viboko, na palipotulia kuna kichocho, buti za mpira ni lazima.

KandoYaTanganyika
Mkiwa pale mdomoni, waonyeshe rangi. Tope linalotoka mlimani linaingia ziwani kama mkanda wa kahawia, na likitua linafunika mawe ambako samaki wadogo wa mawe hula na kutagia. Ufuo wa Ujiji ni wazi, maji yana kina kifupi. Reli ilipofika mwaka 1914 iliishia Kigoma, penye ghuba yenye kina, ikaiacha Ujiji iliyokuwa na soko. Muulizeni mvuvi yeyote wa mwalo wa Ujiji anaingia maji hatua ngapi kabla mtumbwi haujaelea, kisha mwende Kigoma bandarini mkaulize swali hilo hilo.