Samaki gani wagumu wanaoweza kukaa pamoja kwenye tangi la ofisi, Kampala?

Mhasibu_Ntinda

Habari zenu. Ofisini kwetu Ntinda limeletwa tangi la kioo la sentimita 90 kwa 35, kimo 40, litakaa mapokezi. Tuko kumi na wanne na kila mmoja ana samaki wake kichwani: huyu goldifishi, yule oskari, wengine gapi, na bosi anauliza kwa nini tusiweke nkejje (samaki wadogo) au ngege (tilapia) wa ziwani hapahapa. Maji ni ya bomba la NWSC, shirika la maji la taifa. Umeme hukatika, mara nyingine saa nne au tano mfululizo. Jumamosi na Jumapili ofisi imefungwa. Hita ya kupasha maji hatuna. Naomba majina ya samaki wagumu wasiosumbuana, na idadi yao.

Mzee_wa_Tangi

Tangi lako ni lita 126 kwa hesabu ya nje. Toa mchanga na nafasi ya juu, maji yanabaki kama lita 100. Hapo oskari ameshatoka: hufika sentimita 30, na kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Ngege vilevile. Nkejje ni wadogo, lakini madume yake hugombania eneo kama watu wenye hati mbili za kiwanja kimoja, na mnyonge hana pa kukimbilia. Bosi aelezwe kwa upole. Goldifishi hukua sana, huchafua maji haraka na hupenda maji ya baridi kuliko wenzake, kwa hiyo si wa kuchanganya.

Ningeweka hivi: danio wa milia 8, plati madume 6, koridora wa shaba 6. Danio hukaa juu na huhitaji urefu wa kuogelea, plati katikati, koridora chini. Hawagombanii sehemu moja. Danio wakiwa watatu tu huanza kufukuzana, kwa hiyo msiwapunguze chini ya sita ili eti kila mfanyakazi apate aina yake. Huo ndio ugonjwa wa matangi ya ofisi: aina kumi, samaki mmoja mmoja.

Plati dume utamjua kwa pezi la chini, nyuma ya tumbo: limekuwa jembamba kama kijiti. La jike ni pana kama kipepeo. Angalia kila mmoja dukani kabla hajafungwa mfukoni, maana jike mmoja anaweza kuzaa miezi kadhaa bila dume, kwa mbegu alizohifadhi.

Epuka taiga barbi (hung'ata mapezi), beta pamoja na gapi, na yule pleko wa kawaida anayeuzwa akiwa na sentimita 5 kama "mfagiaji". Hupita sentimita 30. Mfuniko ni lazima, danio huruka.

Nnalongo_K

Nakubaliana na Mzee isipokuwa jambo moja. Plati na gapi hupenda maji yenye madini, na maji ya bomba hapa Kampala yanatoka Ziwa Victoria, ni laini. Samaki hafi siku hiyohiyo, ila baada ya muda hukunja mapezi na kutikisika mahali pamoja kama mwenye homa, na watu wananunua dawa bure. Nunueni makombe, yaani maganda ya wanyama wa majini, yanayouzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku, osheni mpaka maji yasitoke na vumbi, wekeni kama gramu 200 kwenye soksi safi ya nailoni karibu na kichujio. Huyeyuka polepole na kutia madini majini. Msipotaka kazi hiyo, ondoeni plati muweke cheri barbi 6. Hao maji laini ni kwao.

La pili, samaki wasije siku moja na tangi. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, sumu kwa samaki. Bakteria wanaoota kwenye sponji huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujengeka. Jazeni tangi, washeni kichujio, tieni chembe chache za chakula kila siku bila samaki, na mpime kwa vipimo vya matone. Amonia na nitriti zikipanda kisha zote mbili zikarudi sifuri, tangi liko tayari. Mkipata sponji iliyokwishatumika kwenye tangi la mtu lenye samaki wazima, muda hupungua sana.

Danio waingie kwanza, plati baada ya wiki mbili, koridora mwisho kabisa kwa sababu tangi changa huwaumiza. Mchanga uwe laini, wao huchimba kwa mdomo na sharubu zao hulika kwenye kokoto zenye makali.

Kila wiki toeni lita 25, yaani jerikani moja na robo. Maji mapya yalale kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke, au mtumie dawa ya kuiondoa. Sponji ikamuliwe ndani ya maji machafu mliyoyatoa, kamwe si chini ya bomba. Klorini ikiua bakteria, mmerudi wiki ya kwanza huku samaki wamo ndani.

Fundi_Pampu

Kwa habari ya umeme: acheni kichujio kikubwa cha mkebe. Kikizimwa saa kadhaa, bakteria waliofungiwa humo hukosa hewa, na umeme ukirudi kinatapika uchafu wote kwenye tangi. Tumieni vichujio viwili vya sponji vinavyoendeshwa na pampu ya hewa. Pampu ya volti 12 yenye wati 4 ikifungwa kwenye betri ya volti 12, ampea-saa 7, hufanya kazi kwa saa kumi bila kuimaliza betri zaidi ya nusu.

Pampu ikae juu ya usawa wa maji, au mpira wake wa hewa uwekewe valvu ya kuzuia maji yasirudi. Bila hivyo, umeme ukikatika maji hupanda kwenye mpira, hushuka ndani ya pampu na kumwagika sakafuni mpaka asubuhi.

Halafu ongeeni na anayefanya usafi. Dawa za mbu na mende za kupuliza nyingi zina pairethroidi, sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa huivuta moja kwa moja hadi majini. Mapokezi pasipuliziwe. Ikibidi, zimeni pampu, funikeni tangi kwa plastiki, na mfungue madirisha kabla ya kuiwasha tena.

Mhasibu_Ntinda

Nashukuru, Nnalongo na wengine. Makombe ya kuku nimeyaandika. Je, hita? Na chakula, maana najua watu kumi na wanne watalisha mara kumi na nne.

Mzee_wa_Tangi

Pima maji saa moja asubuhi kwa wiki nzima. Yakikaa kati ya nyuzi 22 na 25 hita haina kazi. Yakishuka chini ya 21 kwa sababu ya kiyoyozi, tia ya wati 100. Tangi lisipigwe na jua la dirishani, na taa iwe saa saba kwa siku kwa taima.

Chakula: nunua kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, jaza vitano, Jumatatu hadi Ijumaa, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Chumba kikiwa kitupu, wameshakula. Mkebe wa chakula wenyewe ufungie kwenye droo yako. Jumamosi na Jumapili hawali, na hawadhuriki. Ukiwaona wanahema juu ya maji Jumatatu asubuhi, usilishe. Pima amonia, badilisha nusu ya maji, kisha tafuta samaki aliyekufa nyuma ya kichujio.

Nnalongo_K

Na siku ya kuwaleta, msiwabebe kwenye boda saa saba mchana juani. Mfuko uwe theluthi moja maji, zilizobaki hewa. Uelee kwenye tangi dakika 20, ongezeni kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano mara nne, kisha mtoe samaki kwa wavu mdogo. Maji ya dukani mwageni chooni.