Mtindo huru: mkono unavuka mbele ya kichwa, nirekebisheje?

Ukingoni: Wakuu, nina kijana wa miaka 12, bwawa la mita 25. Mkono wa kulia ukiingia majini unavuka mbele ya kichwa hadi upande wa kushoto. Kiuno kinayumba, miguu inafunguka kama mkasi. Kila siku namwambia "nyoosha mkono", habadiliki. Nianze na miguu?

Kiwiko_Juu: Miguu iache, mkuu. Inafunguka ili asipinduke tu. Mkono ukikaa sawa nayo itatulia. Na hilo "nyoosha" ndilo linalomponza: anarefuka mpaka bega linaufuata mkono kuvuka. Mwambie kichwa chake ni saa sita kwenye saa ya ukutani, mkono wa kushoto uingie saa nne, wa kulia saa nane. Atalalamika kwamba amepanua mno. Mtazame: mkono utakuwa umeingia mbele ya bega, pale pale unapotakiwa.

Zoezi: alale ubavu, mkono wa chini mbele ya bega, wa juu pajani. Apige miguu mara 6, abadili upande. Mita 25 mara 8, mapumziko sekunde 20. Miguu ikiwa dhaifu mvishe mapezi (yale ya mpira ya kuvaa miguuni), la sivyo atahangaika kutozama na mkono ausahau.

Maji_Tulivu: Kabla ya hayo, anapumulia upande gani? Kama ni kushoto, huenda kosa ni la kichwa. Aogelee mita 10 bila kupumua. Mkono ukienda sawa, umepata jibu. Anainua kichwa badala ya kukizungusha, na mkono wa mbele unakimbilia katikati kumbeba. Lenzi moja ya miwani ibaki majini anapovuta pumzi. Halafu apumue kila mikono 3, pande zote mbili.

Chunguza na kiganja. Dole gumba likitangulia kuingia, bega linajipinda kwa ndani, na mazoezi yakiwa mengi litaanza kuuma.

Ukingoni: Shukrani. Video nipigie wapi?

Kiwiko_Juu: Mwisho wa njia yake, akija kwako. Ya ubavuni haionyeshi kuvuka. Mwonyeshe papo hapo akiwa bado majini, umtajie kosa moja tu. Hesabu pia mikono anayopiga: mita 25 za kwanza akitumia 20, akifika 23 mtoe. Amechoka, sasa anafanyia mazoezi kosa lilelile.