Mkaguzi wa kazi aje kwa barua au aibuke tu?

Kibarua Mkongwe: Wakuu habarini. Kazini kwetu mkaguzi akija barua inatangulia wiki mbili. Siku ya siku sakafu imepigwa deki, mitungi ya kuzimia moto imefutwa vumbi, vibarua wasio na mkataba wameambiwa leo pumzikeni nyumbani. Anasaini anaondoka, kesho yake kava za mashine, zile za kukinga mikono, zinavuliwa maana eti zinachelewesha kazi. Huo ukaguzi au ugeni? Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 81 wa 1947 unamruhusu mkaguzi kuingia saa yoyote, mchana au usiku, bila taarifa. Mimi nasema aibuke tu.

Mwenye Karakana: Nimeajiri watu 11, ukaguzi siuogopi. Ila mtu anaibuka katikati ya oda anataka daftari la mishahara, rejista ya ajali, mikataba, na mhasibu hayupo, kazi inasimama nusu siku, hasara ya nani? Halafu tuwe wakweli, ajali nyingi ni uzembe wa vijana wenyewe, glavu unampa anazitundika kwenye msumari, helmeti hataki inaharibu nywele.

Mama Wawili: Nywele?? Mdogo wangu kapoteza vidole viwili kwenye mashine ya kutoboa chuma, ripoti ikaandikwa "hakuvaa glavu", basi, kuanzia hapo fidia inapigwa danadana. Alikuwa na kipara huyo, nywele zipi.

Mwenye Karakana: Pole dada. Lakini si umesema mwenyewe, hakuvaa.

Fundi Keekee: Hapana mkuu, ngoja hapo. Kwenye mashine ya kutoboa glavu HAZIVALIWI. Keekee ikidaka uzi mmoja tu inasokota glavu na mkono ndani yake, nimeshuhudia, hata kupiga kelele hujawahi. Glavu ni za kubebea mabati yenye makali. Aliyeandika hiyo ripoti hajawahi kushika mashine maishani mwake.

Jicho la Tatu: 😂😂 kwa hiyo kijana alikuwa sahihi

Mzee wa Vifungu: Karakana, unakwepa. Hizo buti na helmeti unatoa wewe au unakata kwenye mshahara? Mkataba wa ILO namba 155 wa 1981 unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi hata senti.

Mwenye Karakana: Buti la kwanza natoa. La pili ajinunulie, maana la kwanza anatokea nalo harusini.

Jicho la Tatu: Harusini na buti la chuma puani?? Huyo bwana harusi ajihadhari kwenye dansi

Mwenye Karakana: Cheka tu, hujawahi kulipa mishahara wewe.

Mzee wa Vifungu: Na wewe hujawahi kuinamia mashine kwa muda wa saa kumi. Halafu huo mkataba unamlinda pia anayeondoka akiona hatari iko mlangoni. Kumbukeni lile jengo la viwanda vya nguo Bangladesh, Rana Plaza, lililoporomoka 2003, nyufa zilionekana wazi kabisa.

Fundi Keekee: 2013 mzee, Aprili. Nyufa zimeonekana leo, benki iliyokuwemo humo ikawaondoa watu wake, wa cherehani wakaambiwa kesho rudini. Waliokufa ni zaidi ya 1,100.

Mzee wa Vifungu: 2013, sawa, macho ya uzee. Hoja iko palepale.

Mwenye Karakana: Sasa mimi na jengo la ghorofa nane wapi na wapi? Nina bati na nguzo sita. Mnatufanya wote wauaji.

Kibarua Mkongwe: Jamani mkaguzi wangu mmemwacha wapi, tunajadili buti la harusi.

Fundi Keekee: Mama Wawili, mashine ile ilikuwa na kava? Na mkaguzi alifika?

Mama Wawili: Kava hakuna, mdogo wangu anasema tangu aanze kazi hajaliona. Mkaguzi alifika baada ya wiki tatu, kwa barua. Akalikuta.

Fundi Keekee: Akalikuta likoje?

Mama Wawili: La njano linang'aa. Mashine yenyewe ya kijani, imechakaa rangi yote.

Fundi Keekee: Kuna mwenzake aliyebaki humo ndani mnayemwamini? Apige picha ya zile bolti kabla hazijapata kutu. Na ile ya glavu njoo inbox nikuandikie vizuri.

Mwenye Karakana: Mimi sijasema kava zivuliwe. Isomwe hivyo.