Naomba ushauri: kuadhimisha siku ya kuasili watoto, na kifaa cha michezo kitakachowafaa wote

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na mwenzangu tuna watoto watatu: wa miaka 9 tulimzaa, na wale wa miaka 7 na 3, ambao ni ndugu wa damu, tuliwaasili. Amri ya mahakama inakaribia kutimiza mwaka, na tungependa kuiadhimisha siku hiyo kwa kununua kifaa cha kuchezea nje kitakachotumiwa na familia nzima. Babu na bibi wanataka sherehe yenye wageni na hotuba, lakini mtoto wa miaka 7 akisikia habari hiyo hunyamaza, na mkubwa ameshauliza siku yake yeye ni ipi. Mimi navutiwa na trampolini (turubai la kurukia lenye springi), mwenzangu anataka bembea. Mngetushauri nini?

Mama Mlezi

Mimi ningeanza na huo ukimya kabla ya kufikiria kununua chochote. Siku ambayo kwenu ni ya kupata mtoto, kwake inaweza pia kuwa siku inayomkumbusha watu aliotenganishwa nao, na si lazima huzuni hiyo iwe dalili kwamba hawapendi. Muulizeni mkiwa faraghani angependa siku hiyo iweje, na akisema hataki wageni, mkubalieni. Hotuba za kuwasifu wazazi kwa kuwa "wamewaokoa" watoto ziepukeni kabisa, kwa sababu mtoto anayesikiliza huelewa kwamba ana deni. Huyo wa miaka 9 naye asiachwe pembeni. Mwambieni kwamba ni siku ambayo nyote watano mlikuwa familia moja kisheria, na kwamba yeye pia alipata wadogo. Kifaa kitakachonunuliwa kiwe cha watoto wote tangu siku ya kwanza, na asitokee mtu mzima wa kuwakumbusha wakikosea kwamba walinunuliwa kifaa hicho.

Fundi Seremala

Nimejenga bembea nyingi za majumbani, kwa hiyo nitajibu upande wa kifaa. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimekuwa kikishauri trampolini zisitumike majumbani, kwa kuwa majeraha mengi hutokea wanaporuka watoto wawili au zaidi kwa wakati mmoja, na mdogo zaidi ndiye anayeumia kwa urahisi. Nyinyi mnatafuta kitu cha kuchezewa pamoja, ilhali trampolini inataka mmoja mmoja. Hapo naona mwenzako ana hoja.

Bembea nayo ina masharti yake. Acheni nafasi tupu ya mita 1.8 kila upande wa fremu, na mbele na nyuma ya viti iwe mara mbili ya urefu kutoka chini hadi sehemu kamba zinapofungwa. Nyasi na udongo ulioshindiliwa havimkingi anayeanguka. Wekeni chini yake vipande vidogo vya mbao vilivyotandazwa kwa kina cha sentimita 23 hivi, na mviongeze kila vinapopungua. Pimeni pia nafasi kati ya vipandio vya ngazi na kati ya fito za vizuizi, maana iliyo kati ya sentimita 9 na 23 inaweza kupitisha kiwiliwili cha mtoto kisha ikanasa kichwa. Wa miaka 3 apewe kiti kinachomzunguka mwili mzima. Na tafadhali, kamba za kofia na za shingoni zivuliwe kabla ya kupanda, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaniulizi kamwe.

Niliasiliwa

Nakubaliana na Mama Mlezi, ila nisingependa babu na bibi wanyimwe furaha yao, kwa sababu mtoto aliyeasiliwa huhitaji kuona kwamba ukoo mzima unamtaka. Waje, wale chakula na wajukuu, hotuba tu ziachwe. Wazazi wangu waliniuliza upya kila mwaka. Miaka mingine nilitaka keki, mingine sikutaka chochote, na majibu yote mawili yalipokelewa bila kinyongo. Kuhusu kifaa, fikirieni bembea ya duara yenye wavu, ambayo watoto wawili hulala au kuketi pamoja. Sisi wadogo tulipokuwa na mambo mazito ya kuambiana, ilikuwa rahisi kuyasema tukiwa tunabembea bila kutazamana.

Mleta uzi

Nawashukuru nyote. Trampolini nimeiacha, na leo jioni nitazungumza na mtoto kabla ya kuwajibu wazee. Fundi, je, bembea hiyo ya duara inaweza kuning'inia pamoja na viti vya kawaida?

Fundi Seremala

Itengewe nafasi yake peke yake kati ya nguzo mbili, kwa sababu huyumba kila upande na itawagonga walio kwenye viti. Mkikosa eneo la kutosha, chagueni hiyo ya duara na viti mviache.