Napiga picha za kumbi tupu, wateja wanauliza kama kuna msiba

Fundi_Igoma: Wakuu habari za asubuhi. Mi kazi yangu ni harusi na sendofu hapa Mwanza, ila siku hizi nanogewa zaidi na ukumbi wenyewe Jumatatu asubuhi kabla hawajafagia. Juzi nimepiga mmoja huku Igoma, viti viwili vya maharusi vya dhahabu vinatazamana na viti kama mia tatu hamna mtu, satini imelegea, puto moja limenasa kwenye feni, na kwenye zulia jekundu kuna kiatu cha mtoto, cha mguu mmoja. Wife kasema nimemaliza betri bure. Hivi hii ni sanaa au nimechanganyikiwa? Na mbona kuta zinatoka zimelala kama ukumbi umelewa?

sangara_mkavu: Kuta zinalala kwa sababu una lenzi pana halafu unainamisha kamera. Funga kwenye stendi, usawa wa kifua, isitazame juu wala chini, ISO 100 (kamera isinase mwanga kwa pupa), f/11 (tundu la lenzi dogo), shata iache wazi hata sekunde 2, kwani nani atatikisika? Flashi iache begini.

MamaPicha: Tafuta kazi za mpiga picha Lynne Cohen, alizaliwa Marekani 1944 akaja kuishi Kanada, alifariki 2014. Toka miaka ya 70 yeye ni vyumba tu, madarasa, maabara, sehemu za mafunzo ya jeshi, mtu humuoni. Kamera yake ile kubwa ya negativu ya inchi 8 kwa 10, unaona mpaka soketi ya ukutani. Watu walidhani anavipanga kumbe anavikuta hivyo hivyo, na ukiangalia unacheka kwanza, woga unakuja baadaye. Sasa nikuulize, hicho kiatu ulikikuta hapo?

Fundi_Igoma: Aisee dada umenishika. Kilikuwa chini ya meza ya keki, nikakisogeza.

MamaPicha: Ndo kilichoharibu. Kinaomba huruma. Vile viti viwili peke yake vilikuwa vinatisha vya kutosha.

mlinzi_zamu_usiku: Mi nalinda kiwanda cha minofu ya samaki kilichosimama kazi, jina naliacha. Chumba cha baridi mlango uko wazi, ndani joto kama nje, aproni zinaning'inia na gambuti nyeupe zimepangwa kwa saizi kama watu wanaingia zamu saa moja. Naweza kukuombea kwa mwenye mali, bila ruhusa siwezi kukufungulia geti.

Fundi_Igoma: Niombee Jumamosi mkuu. Na hizo gambuti mtu asiziguse!